Maagizo kutoka juu, mamlaka kutoka chini

Vijana walikuwa wanne, na kopo moja la rangi nyekundu. Walifika nyumbani kwa mjomba wangu, pembezoni mwa Jiji la Dodoma upande wa mashariki, saa nne asubuhi jua likiwa limeshaanza kuuma. Wakapiga X kwenye ukuta wa nyumba, wakapiga nyingine kwenye ukuta wa stoo. Mjomba alikuwa shambani anapalilia uwele. Aliporudi alikuta wanakunja tepu yao ya kupimia. Kiongozi wao alimwamkia vizuri tu, shikamoo mzee, akamweleza kwamba eneo lile limeingia kwenye mradi. Mradi gani? Atajulishwa. Lini? Atajulishwa. Kisha kijana akauliza la kwake: "Mzee, una hati?"

Hana. Baba yake hakuwa nayo, na babu yake, aliyelala chini ya mbuyu hatua mia moja kutoka kwenye stoo hiyo, hakuwahi kuiona hati maishani mwake. Mjomba akapangusa udongo kwenye jembe kwa kidole gumba, akamwuliza: "Na ninyi, karatasi yenu iko wapi, mwanangu?"

Kijana akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyeulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. "Mzee wangu, sisi tumetumwa tu. Haya ni maagizo kutoka juu."

Ofisi iliyowatuma siitaji. Ningeweza kuweka hapo jina la ofisi yoyote na kisa kisibadilike hata neno. Kinachonishughulisha ni hiyo kauli yenyewe, maana sote tumeishi nayo. Mgambo anayebeba karai la nyanya la mama wa Majengo ametumwa kutoka juu. Mtendaji anayefungisha maduka asubuhi ya usafi ametumwa kutoka juu. Mwalimu mkuu anayetangaza mchango mpya, ukimbana sana, atanyanyua macho kuelekea kwenye dari. Hakuna anayeuliza huko juu kuna nani, na huyo aliyeko huko naye amepewa na nani.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ina jibu, na limeandikwa kwa Kiswahili ambacho mjomba anakielewa bila mkalimani. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi kwa mujibu wa Katiba. Walioandika walichagua neno "msingi". Mwulize fundi yeyote wa Chang'ombe msingi unakaa wapi. Nyumba inaanzia chini kwenda juu, na paa halijawahi kuuamuru msingi uhame.

Nitakuwa mkweli kwa msomaji, kwa sababu wapo wanasheria watakaonisahihisha nisipofanya hivyo. Ibara hiyo ya 8 imo katika sehemu ya malengo na misingi ya mwelekeo wa shughuli za Serikali, na ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama yoyote. Yaani sentensi nzito kuliko zote katika kitabu kizima huwezi kuishtakia. Unaweza kuisoma, unaweza kuinukuu kwenye hotuba ya Mei Mosi, basi. Haki unazoweza kuzidai mbele ya jaji zinaanzia ibara ya 12, na hizo zenyewe hazikuwemo Katiba ilipopitishwa Aprili 1977. Ziliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, na hata hapo Serikali ikajipa muda wa miaka mitatu wa kuweka sheria zake sawa kabla raia hajaruhusiwa kuitumia sura hiyo mahakamani. Mlango ulifunguka Machi 1988. Mtu aliyehamishwa kwa nguvu kwenye Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971, wakati kaya za mkoa huu zilipotolewa kwenye matembe yao na kukusanywa vijijini, hakuwa na ibara ya kushika mkononi. Mjomba alikuwa kijana wakati huo. Labda ndiyo maana swali la karatasi linamjia haraka kuliko linavyotujia sisi.

Utawala wa kikatiba unasimama juu ya kanuni moja ambayo shuleni tulipitishwa mbio mbio kwenye somo la uraia, katikati ya orodha ya mihimili mitatu na rangi za bendera. Raia anaruhusiwa kufanya kila ambacho sheria haijakikataza. Ofisa wa umma amekatazwa kufanya kila ambacho sheria haijamruhusu. Kwa hiyo mwenye kuonyesha karatasi kwanza ni mwenye mamlaka. Mjomba kuwa kwenye shamba lake hakuhitaji maelezo. Kijana kupiga X kwenye ukuta wa mtu kunahitaji: sheria gani, kifungu gani, nani aliyesaini, tarehe ngapi.

Sisi tumeigeuza kanuni hiyo miguu juu. Raia ndiye anayetembea na bahasha. Anatafuta barua ya mwenyekiti wa mtaa, anatafuta muhuri wa mtendaji, anapiga picha za pasipoti, anatoa nakala kwenye vibanda vya jirani na stendi, na akifika dirishani anaambiwa kuna karatasi moja imepungua. Ofisa anatembea na mdomo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa. Katikati ya mwaka 2016 Rais John Magufuli alitoa kauli kwamba siasa za majukwaani zisubiri uchaguzi, na mikutano ikafungwa. Tarehe 3 Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba zuio limeondolewa, na mikutano ikafunguliwa. Nilifurahi kama wengi walivyofurahi. Lakini jiulize kilichobadilika kati ya siku hizo mbili. Ibara ya 20 kuhusu uhuru wa kukusanyika ilikuwa palepale. Sheria ya Vyama vya Siasa iliyovipa vyama haki ya kufanya mikutano ilikuwepo. Sheria ya polisi, inayotaka taarifa ya saa 48, ilikuwa ileile. Kauli ilifunga na kauli ikafungua, na kwa miaka sita na ushee haki ya Katiba ilikaa mfukoni kama funguo za gari la mtu mwingine. Waliopiga makofi siku ya kufunguliwa, nami nikiwamo, tulikuwa tunashukuru kurudishiwa mali yetu.

Na hata ile taarifa ya saa 48 ina historia iliyoanzia hapa Dodoma. Zamani chama kilitakiwa kupata kibali kabla ya kukutana. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye waliomkumbuka wanajua hakuwa mtu wa kubembeleza, alifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Dodoma akipinga mambo kadhaa kwa pamoja. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akatoa hukumu: sharti la kibali linakiuka Katiba, na raia asiye na chama ana haki ya kugombea. Sheria ya mikutano ikarekebishwa, kibali kikawa taarifa. Ukitoa taarifa huombi, unajulisha. Leo, miaka zaidi ya thelathini baadaye, msikilize katibu wa chama chochote, cha upinzani hata: atakwambia "tunasubiri kibali cha polisi". Sheria ilibadilika, ulimi ukabaki ulipokuwa. Nadhani ulimi ndio unaotawala.

Upande wa mgombea binafsi ulikwenda vibaya zaidi. Desemba hiyohiyo ya 1994 Bunge lilipitisha marekebisho ya Katiba yaliyofunga mlango ambao jaji alikuwa ameufungua: kugombea kukawa ni kwa mwanachama aliyependekezwa na chama chake. Mtikila akarudi mahakamani mwaka 2005, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ambako majaji saba walisema jambo hilo ni la Bunge kuamua, akavuka hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na Juni 2013 akashinda huko. Alifariki Oktoba 2015 kwa ajali ya barabarani, wiki chache kabla ya uchaguzi ambao asiye na chama bado hakuruhusiwa kugombea. Novemba 2019 Tanzania ikaondoa tamko lililomwezesha raia wake mmoja mmoja kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo ya Arusha, mahakama ambayo nchi yetu wenyewe ndiyo mwenyeji wake. Hilo mwenyeji anayejua adabu za ugeni atalitafakari mwenyewe.

Nimekaa sana kwenye mwaka 1994 kwa sababu hauzungumzwi vya kutosha, na wakazi wa mji huu wanapita mbele ya mahakama bila kujua yaliyoamuliwa humo. Miezi minne kabla ya hukumu ya Lugakingira, Juni 1994, jaji mwingine wa Mahakama Kuu hapahapa Dodoma, James Mwalusanya, alikuwa na washtakiwa wawili mbele yake kwa kosa la kuua. Aliamua kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na ya kumdhalilisha binadamu, hivyo inapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba ni ya kikatili, kisha Januari 1995 ikasema ibara ya 30 inairuhusu kwa manufaa ya jamii. Uamuzi wa Mwalusanya haukusimama nyumbani. Lakini majaji wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini walipokuwa wanafuta adhabu ya kifo mwaka huohuo wa 1995, hukumu hizo zetu zilikuwa miongoni mwa walizozisoma na kuzijadili. Hoja iliyozaliwa kwenye chumba cha mahakama cha mji wa vumbi ilikwenda kujadiliwa Johannesburg, na sisi tumeisahau.

Na bado kuna la tatu la mwaka huohuo, ambalo ndilo linalomhusu mjomba. Mahakama ya Rufani, katika shauri la wanakijiji wa kaskazini, baba na mwanawe waliokuwa wanadai ardhi yao iliyochukuliwa wakati watu walipokusanywa vijijini, iliulizwa swali hili: ardhi ya kimila, isiyo na hati, ni mali kwa maana ya ibara ya 24? Bunge lilikuwa limetunga sheria mwaka 1992 ya kuzifuta haki hizo za kimila katika vijiji vilivyoundwa na kuyamaliza mashauri ya watu kama hao. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakajibu kwamba ndiyo, ni mali. Haki ya mkulima kwenye ardhi ya mababu zake inalindwa na Katiba kama nyumba ya ghorofa ya mtu wa mjini, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Sehemu ya sheria ile iliyokwenda kinyume ikabatilishwa.

Kwa hiyo swali la kijana, "mzee una hati?", lilikuwa limeshajibiwa tangu yeye mwenyewe hajazaliwa. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimelirudia: haki ya kimila ina hadhi sawa na hati ya kupewa na Serikali, na fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba uthamini una maisha yake. Miaka miwili ikipita bila malipo, unafanywa upya. Wakubwa wanapenda kusema kwenye semina kwamba wananchi hawajui haki zao. Inawezekana. Ila katika ua ule siku ile, mzee wa darasa la nne aliuliza swali sahihi kikatiba, na asiyejua sheria alikuwa mwajiriwa mwenye shahada.

Dodoma ina sababu ya pekee ya kuyajua haya, kwa kuwa mji wenyewe umekua kwa maagizo kabla ya kukua kwa sheria. TANU iliamua kuhamishia makao makuu hapa mwaka 1973. Mwaka huo ikaundwa kwa amri ya Rais Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile ambayo kila mtu hapa anaiita CDA. Lakini sheria ya Bunge ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi ilipitishwa Septemba 2018. Hesabu mwenyewe: miaka 45 nchi ilikuwa na makao makuu yaliyosimama juu ya uamuzi wa chama na nia njema. Kama kuna rais ambaye angeamka siku moja akasema mji mkuu urudi pwani, hakukuwa na kifungu cha kumrudisha Bungeni kwanza.

CDA ni somo zima la katiba lililofundishwa kwa viwanja. Mji ulikuwa na manispaa yenye madiwani waliopigiwa kura, na pembeni yake mamlaka ya kuteuliwa iliyoshika ardhi yote ya mji. Diwani aliyechaguliwa na watu wa kata yake hakuwa na sauti kwenye kiwanja. Aliyekuwa na sauti kwenye kiwanja hakuchaguliwa na mtu. Mwananchi akilalamika kwa diwani alielekezwa CDA, akifika CDA hana kura ya kumtisha nayo mtu. Hati zenyewe zilikuwa za miaka 33, wakati mtu wa Morogoro au Mwanza anapewa 99. Waliovunjiwa nyumba wanakumbuka, na siwaongezei neno. Ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Hapa madaraka yalipelekwa, yakashushwa kituo cha pili kabla ya mwananchi hajapanda.

Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja CDA na kazi zake zikaenda manispaa. Mji ulishangilia, baa za Area D zilijaa siku hiyo. Nami naona uamuzi ulikuwa sahihi. Ila sikuweza kushangilia kwa moyo wote, na sababu yangu ni ileile ya mjomba: iliundwa kwa saini ya mtu mmoja, ikavunjwa kwa saini ya mtu mmoja, na katikati yake miaka 44 ya maisha ya watu. Safari hii saini ilituangukia upande mzuri.

Sasa wapo watakaoniambia kwamba nchi haiendeshwi kwa kuulizana vifungu. Ni hoja ya kuheshimiwa, na hapa Dodoma ina ushahidi unaoonekana kwa macho. Kwa miaka zaidi ya arobaini kuhamia Dodoma kulikuwa wimbo. Julai 2016 likatoka agizo moja, na leo Mtumba kuna mji wa wizara, treni ya umeme inatuleta kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, na shamba la mtama la jana lina hoteli. Agizo lilifanya kazi ambayo kamati hazikuifanya.

Ni kweli. Lakini tofautisha kasi ya kujenga na kasi ya kuchukua. Agizo la waziri kuhamisha ofisi yake halimnyang'anyi mtu kitu. Ni mwajiri anayemhamisha mwajiriwa. Agizo linalogusa shamba la mtu, au mwili wake, au sauti yake, ni la aina nyingine, na Katiba imeliwekea geti. Tena geti lenyewe si refu. Taarifa ya maandishi inaandikwa kwa nusu saa. Orodha ya fidia inabandikwa kwa gundi. Mradi unaokwama kwa sababu ya nusu saa na gundi ulikuwa na tatizo jingine, na uzoefu wangu wa kufuatilia migogoro hii ni kwamba miradi mingi inachelewa kwa sababu hatua ya kwanza ilirukwa, kisha kesi zikaja, kisha zuio, kisha viongozi wakaja kwenye eneo na msafara wa magari kumi kuuliza kwa nini mradi umechelewa.

Chukua madaraka ya kumweka mtu ndani. Kila mtu hapa nchini anajua kwamba mkuu wa mkoa anaweza kuamuru uwekwe mahabusu saa 48. Tumeliona kwenye televisheni, kidole kimenyooshwa, "mchukueni huyu". Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 kweli inampa uwezo huo. Wachache wanajua kwamba inampa ukiwa na kamba: mtu awe anahatarisha amani, sababu ziandikwe na zifikishwe kwa hakimu, na saa zikiisha bila kufikishwa mahakamani aachiwe. Mwalimu aliyechelewa kazini au daktari aliyejibu vibaya kwenye kikao hahatarishi amani ya nchi. Saa 48 tumezijua, kamba hatukuonyeshwa.

Hapa niseme jambo ambalo waandishi wenzangu wanaotaka katiba mpya hawapendi kulisikia. Naitaka na mimi. Nilikuwa hapa Dodoma mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba lilipoanza Februari, nikaona UKAWA, umoja wa wajumbe wa vyama vya upinzani, wakitoka Aprili, nikaona Katiba Inayopendekezwa ikipitishwa Oktoba bila serikali tatu za rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, na kukabidhiwa kwa marais wawili Uwanja wa Jamhuri kwa ngoma na vifijo. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 2015. Haijapigwa. Lakini katiba mpya kwenye mikono ya watu wanaosema "kutoka juu" itakuwa kitabu kipya kwenye kabati la zamani. Tungeanza na hiki tulichonacho. Kina mashimo, tena makubwa: matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume, ibara ya 41 inazuia mahakama kuyachunguza, nusu ya haki zetu zimefungwa mkia wa "kwa mujibu wa sheria", ambao unamruhusu mtunga sheria kuichota haki kijiko kwa kijiko. Hata hivyo Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1993 kwamba mkia huo una mpaka: sheria inayobana haki isiwe ya kionevu, na isibane kuliko inavyohitajika. Shauri lenyewe lilikuwa la kuchekesha kama lisingekuwa la kweli. Wakati ule, ili uishtaki Serikali, ulitakiwa kwanza upate idhini ya Serikali. Majaji wakaliondoa sharti hilo. Siku hizi unatoa notisi ya siku 90.

Mjomba angeweza kutoa notisi hiyo. Jirani yake, mwalimu mstaafu anayejua kuandika barua kali, angetamani kumsaidia kwa kufungua shauri la haki za msingi kwa niaba ya kitongoji kizima. Marekebisho ya mwaka 2020 yaliwawekea kizuizi watu kama yeye: yalitaka anayelalamika aape jinsi yeye mwenyewe alivyoumizwa. Ukuta wa mwalimu hauna X. Kumbe ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba, na haikusema lazima awe amepakwa rangi.

Ukiniuliza geti lililo karibu zaidi liko wapi, nitakupeleka chini ya mti, kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, hahitaji kadi wala nauli. Sheria inataka ukae angalau kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano huo kuridhia. Mapato na matumizi yanasomwa hapo. Ni bunge ambalo kila mtu ni mbunge, na ndilo tunalolikimbia. Nimehudhuria mikutano ya Chamwino na Bahi ambako ajenda ya mapato ilisomwa kwa kasi ya mnadani, watu wakanyoosha mikono kukubali ili wawahi mbuzi, na mihtasari ikaandikwa jioni na mtu mmoja. Halafu mwaka unaofuata tunashangaa ekari mia mbili zimekwenda kwa mwekezaji na muhtasari una saini zetu. Pale huwezi kulaumu juu. Juu haikuwepo.

Wiki tatu baada ya X, vijana walirudi kwa mjomba, safari hii wawili, na barua. Alimwita mjukuu wake wa kidato cha tatu aisome kwa sauti, mbele yao, wakiwa wamekalia magunia ya karanga. Barua ilikuwa na nembo, ilikuwa na kumbukumbu namba, ilikuwa na muhuri. Ilisema eneo linatwaliwa "kwa mujibu wa sheria". Mjukuu alipomaliza, mjomba akamwuliza: "Sheria gani, wamesema?" Mjukuu akarudia kusoma kutoka mwanzo. Hakuikuta.

Mjomba akaikunja barua, akairudisha kwa mikono miwili kama anavyopokeza kitu kwa mgeni. "Hii imepungua karatasi moja," akasema. Waliinuka, wakaaga, wakapanda pikipiki. Hadi naandika haya hawajarudi, na uwele umeshavunwa.